Mgongo wa Troilo Malaspada

Waliosema kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama hawakuwa na maana ya nguo peke yake. Walimaanisha ile saa mbaya ambapo siri ya mtu hutoka nje mchana kweupe, kila jicho likamwelekea, naye akabaki na njia mbili tu: asimame wima abishane na watu huku kila kitu kinaonekana, au ajikunje chini, aikiri aibu yake, na kwa kuikiri apate cha kujisitiri. Njia ya kwanza ni nyepesi, na wengi huifuata. Ya pili ni chungu kama shubiri. Katika mji wetu wa Montefosco, uliokaa juu ya kilima chake kama kofia kichwani mwa mzee, aliyeionja shubiri hiyo mbele ya umma ni Troilo Malaspada.

Zamani hizo Malaspada walikuwa ndio mji, na mji ulikuwa ndio Malaspada. Kinu kilikuwa chao, daraja lilikuwa lao, na nusu ya mapadri walikuwa binamu zao. Hata kengele kubwa ya mnarani ilichongwa upanga, nembo ya ukoo, hivi kwamba kila ilipolia watu walisema Malaspada wamekohoa. Mkuu wa nyumba hiyo na mtawala wa mji alikuwa Bwana Gherardo, mtu mrefu, mkavu wa maneno, aliyeogopwa na wengi lakini hakuna aliyewahi kumkamata kwa uongo. Mkewe alifariki kwa homa akamwachia mwana mmoja tu, Troilo, naye alimpenda mwana huyo kama mboni ya jicho lake, ingawa hakujua kulisema jambo hilo kwa kinywa.

Troilo alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na alikuwa amejaliwa kila kitu. Alikuwa na sura ya kuchorwa ukutani. Alisoma Kilatini, alipiga gambusi, alicheza upanga. Lakini juu ya farasi ndipo alipokuwa hana mfano. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu, mitaa yote ya mji hushindanisha farasi bila tandiko, kutoka Lango la Mto chini hadi uwanja wa kanisa kuu juu, na anayetangulia hutwaa bendera ya mahameli nyekundu. Wakubwa wa miji mingine huajiri watu wa kuwapandia farasi wao. Troilo alipanda mwenyewe. Alisema kumwajiri mtu akushindie ni sawa na kumwajiri mtu akulie chakula chako. Na alishinda, mwaka baada ya mwaka, mpaka sifa zikamlevya, akaanza kuiona bendera ile kama urithi wa mama yake.

Mwaka ninaousimulia, mtaa wa Ngozini ulileta farasi wa kutisha. Ngozini ni kule bondeni kwa watengeneza ngozi, ambako mto hutoka mweusi na upepo ukigeuka hata kuku wa mitaa ya juu hupiga chafya. Farasi wao alikuwa jike jekundu, mwembamba, jina lake Ginestra, aliyezaliwa kwenye banda la mzee Bindo na kulishwa na mtaa mzima. Mwenye kumpanda alikuwa Nuto, mwana wa Bindo, kijana mfupi mwenye mabega mapana na ulimi usiolala.

Farasi walipopangwa nyuma ya kamba pale Lango la Mto, Troilo aliziba pua kwa vidole viwili.

"Nuto," akaita, "mwambie jike lako apite upande wa pili wa upepo. Falcone wangu anataka kutapika."

"Mwache atapike, bwana mdogo," Nuto akajibu. "Akiwa mwepesi huenda akauona japo mkia wetu."

Kicheko kikapita kwenye kamba kama moto kwenye nyasi kavu. Troilo akaapa kwamba siku akishindwa na mtu wa Ngozini atakunywa maji ya pipa wanalolowekea ngozi. Nuto akamshauri siku hiyo anywe polepole, maana mle ndani hutiwa mavi ya mbwa. Watu wakashika mbavu. Troilo naye alicheka, lakini masikio yake yalikuwa yamewaka moto. Hakuzoea kucheka mwisho.

Tarumbeta ikalia. Kamba ikaanguka. Farasi wakafyatuka kama mishale, na ardhi ya Montefosco ikatetemeka hadi kwenye misingi ya nyumba. Falcone, dume jeusi la Troilo, alichukua uongozi kwenye daraja kama ilivyokuwa desturi yake, na watu waliojaa kando ya mto wakaimba jina la Malaspada. Lakini kwenye soko la samaki Troilo alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia katika mbio zozote: kwato karibu na sikio lake. Akageuza shingo. Ginestra alikuwa pale, masikio nyuma, tumbo karibu na ardhi, na Nuto amelala juu ya shingo yake akimnong'oneza kama mtu anayembembeleza mtoto.

Waliingia Kichochoro cha Kisima wakiwa bega kwa bega. Kichochoro hicho ni chembamba kiasi kwamba farasi wawili wakipita sambamba magoti ya wapandaji husugua kuta. Siku ya mbio madirisha yake yote hufungwa kwa amri ili farasi wasishtuke, na watu wote huwa wamekimbilia uwanjani kuona mwisho. Hakuna jicho linalobaki pale. Humo ndimo Ginestra alimotoa shingo mbele, kisha kifua. Nuto hakumtazama Troilo. Alikuwa anacheka peke yake, kicheko cha mtu anayeona ndoto yake ikitimia.

Mkono wa Troilo ukapanda wenyewe. Aliugeuza mjeledi, akampiga Nuto kwa mpini wake mzito, kati ya shingo na bega. Mfupa wa mtulinga ukalia kama kijiti kikavu. Nuto akaanguka chini ya ukuta, na Falcone akatoka kichochoroni peke yake, kwenye jua na kwenye mngurumo wa watu.

Ushindi ulikuwa mtamu kwa muda wa pumzi chache tu. Watu walimvika bendera mabegani, wasichana wakamrushia maua kutoka roshani, kengele ikalia. Kisha Ginestra akaingia uwanjani bila mtu mgongoni. Na nyuma yake, wakitembea kimya, watu wa Ngozini walimbeba Nuto juu ya mlango walioung'oa mahali fulani. Mzee Bindo alikwenda moja kwa moja hadi jukwaani kwa Bwana Gherardo, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe amepigwa na bwana mdogo ndani ya kichochoro.

Bwana Gherardo alimgeukia mwanawe mbele ya wote. "Ni kweli?"

Uongo ulimtoka Troilo kabla hajaufikiria. "Yeye ndiye aliyenianza, Baba. Alinipiga mgongoni kwa mpini wa mjeledi. Mimi nilijikinga tu."

Sheria ya mbio zetu ilikuwa fupi na kali: anayeanza kumpiga mwenziwe, mkono uliopiga hukatwa. Bwana Gherardo alimwamini mwanawe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na desturi ya kusema uongo. Akaamuru Nuto awekwe chini ya ulinzi mpaka asubuhi, hakimu asikilize shauri. Watu wa Ngozini hawakupiga kelele. Walirudi bondeni wakiwa wamekunja nyuso, na aliyepita karibu na kwao usiku ule alisikia visu vikinolewa.

Karamu ya ushindi ilianza jua likiwa bado juu ya mnara. Kwale waliokaangwa kwa zeituni walipita mbele ya Troilo, naye hakuweza kumeza hata tonge. Ridolfo, ndugu mdogo wa Bwana Gherardo, mtu wa hila na mvinyo, alimwita kando kwenye chumba cha silaha. Alikuwa ameshika fimbo. Alimwambia mwana wa nduguye, bila kumuuliza lolote, avue shati na akaze meno. Fimbo moja tu, kesho mgongo utakuwa na shahidi wake.

Troilo alielewa, na uso ukamwiva. Kuelewa kwake kulimuuma kuliko fimbo yenyewe, maana kulimwonyesha kwamba kuna mtu anayejua. Akainua kidevu. "Nani atathubutu kumvua nguo Malaspada?"

Ridolfo alicheka, akaitupa fimbo pembeni. "Kweli, mwanangu. Nani?"

Asubuhi ilipofika, uwanja ulikuwa umejaa hadi juu ya mapaa. Hakimu wetu, kama ilivyo desturi, hutoka mji mwingine asiwe na shemeji wala mjomba hapa kwetu. Mwaka huo alikuwa Bwana Alamanno, mzee mfupi mwenye mafua yasiyokwisha. Aliketi chini ya nguzo za jumba la mji. Mbele yake liliwekwa gogo la mwaloni, na kando ya gogo alisimama mtu mwenye shoka. Watumishi wa Malaspada, wenye panga viunoni, walijipanga upande wa kulia. Ngozini nzima ilisimama kushoto, wanaume kwa wanawake, na visu vyao vya kuchunia chini ya aproni. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na nafasi ya mawe matupu ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga.

Troilo aliyarudia maneno yake. Safari hii yalimtoka kwa shida, kama mtu anayetapika miiba. Alijifariji kwamba baba yake atamsamehe Nuto dakika ya mwisho, kama watawala wafanyavyo siku za sikukuu, na kila mtu ataenda zake. Kisha hakimu akamgeukia Nuto, ambaye alikuwa amesimama kwa nguvu za wenzake wawili, uso wake mweupe kama jibini, mkono wake umefungwa kifuani kwa kitambaa.

Nuto hakujitetea sana. Aliuvuta ukosi wa shati lake kwa mkono mzima. Bega lilikuwa limevimba, jeusi kama zambarau.

"Mimi ninayo alama yangu," alisema. "Yeye aonyeshe yake."

Hakimu alipenga kamasi, akasita. Hakuna aliyewahi kumwambia Malaspada avue nguo. Lakini aliyesema neno lililofuata si hakimu. Ni Bwana Gherardo.

"Vua, mwanangu. Waone, tumalize."

"Baba, hakuna haja."

Baba alidhani ni haya ya kijana. Aliteremka jukwaani mwenyewe, akasimama nyuma ya mwanawe, na kwa vidole ambavyo havijawahi kumfungua mtu vifungo akalegeza kamba za kizibao cha zari, kisha akalivuta shati la kitani juu hadi mabegani, taratibu, asije akamtonesha kidonda.

Hapakuwa na kidonda. Mgongo wa Troilo ulikuwa laini kama yai, hauna hata mkwaruzo. Bwana Gherardo ndiye aliyeuona kwanza, na mkono wake ukabaki hewani. Kisha wakauona walio karibu, wakawaambia walio mbali, na minong'ono ikapanda hadi juu ya mapaa.

Hapo kila kitu kikawaka kwa pamoja. Ridolfo alipaza sauti kwamba kijana alipakwa dawa ya mganga usiku kucha, na dawa nzuri hufuta alama. Mtu wa Ngozini akapiga mbinja. Mtumishi mmoja akachomoa upanga nusu. Aproni zikafunguliwa, visu vikametameta. Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya nguzo. Wote walijua kwamba neno moja kutoka kwa Troilo, neno lolote, "ndiyo, ni dawa," lingetosha. Nusu ya mji ingelazimika kuliamini kwa upanga, na nusu nyingine kulikataa kwa kisu, na damu ingeteremka ngazi za jumba hadi mtoni.

Troilo alisimama pale, shati limemkusanyika shingoni, jua likimchoma mgongo. Alimwona Nuto akiyumba. Aliliona gogo. Alihisi pumzi ya baba yake nyuma ya shingo, fupi fupi, kama ya mtu aliyekimbia. Kisha magoti yake yakakunjika. Alijishusha chini, taratibu, mpaka akachutama juu ya mawe ya uwanja, katikati ya ile nafasi isiyokanyagwa na mtu.

"Nuto hakunigusa," alisema, na ingawa sauti ilikuwa ndogo, hakuna aliyeikosa. "Alikuwa amenipita kwa haki. Nilimpiga asinishinde, kisha nikamsingizia nisiaibike. Baba yangu hakujua. Mkono wa kukatwa ni huu hapa." Akaunyoosha juu ya gogo.

Ridolfo alimkaribia, akamwambia kwa meno yaliyobana asimame, kwamba Malaspada hawapigi magoti mbele ya wanuka ngozi.

"Nimeshavuliwa, Baba mdogo," Troilo akamjibu. "Nikisimama ndipo wataona zaidi."

Upanga uliokuwa umechomolewa nusu ukarudi alani. Hakuna aliyeamuru. Watu wa Ngozini walitazamana kama watu walioinua mzigo mzito wakakuta ni mtupu. Unampigaje kisu mtu aliyekwisha kujishusha mwenyewe?

Hakimu Alamanno aliusoma uso wa Bwana Gherardo kwa muda mrefu. Bwana Gherardo hakuomba chochote. Hapo hakimu akaeleza kwamba sheria inampa aliyeonewa haki ya kudai kitu kingine badala ya mkono, akipenda. Akamuuliza Nuto.

Nuto alifikiri. Mganga wa mifupa alikuwa amemwambia asubuhi hiyo kwamba mtulinga utaunga vibaya, na mkono wake hautapanda tena juu ya bega. Mbio kwake zilikuwa zimekwisha.

"Mkono wake nikipewa nitaufanya nini?" alisema. "Ngozi yake haitoshi hata kushonea kiatu." Watu wakacheka, kicheko cha kushusha pumzi. "Mimi sipandi tena. Ginestra hana mtu. Mwaka ujao huyu ndiye atakayempanda, na rangi zetu mwilini, ashindane na nyumba yake."

Ridolfo alisema heri mkono ukatwe. Hakimu akamuuliza Troilo, naye akainua macho.

"Kama mnaweza kuniamini na farasi wenu."

"Hatukuamini," mzee Bindo akasema. "Ndiyo maana utakaa kwetu mpaka siku hiyo, tukuone."

Bwana Gherardo aliichukua ile bendera ya mahameli iliyokuwa imetundikwa jukwaani, akamkabidhi Bindo. Kisha akamwambia mwanawe neno moja, "Nenda," akapanda ngazi za jumba bila kugeuka nyuma. Troilo alilishusha shati lake, akateremka bondeni na watu ambao jana walikuwa wananoa visu kwa ajili yake.

Maisha ya Ngozini hayakuwa ya kupendeza. Mama Lapa, mkewe Bindo, alimpa aproni na ubao wa kukwangulia ngozi, akamwonyesha mahali pa kulala juu ya banda la Ginestra. Mikono yake iliyozoea gambusi ikatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Harufu ilimwingia mpaka kwenye ndoto. Watoto walimfuata wakiziba pua kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akifanya yeye. Nuto naye hakuwa malaika. Siku za baridi bega lilipomchonyota alimtukana Troilo matusi ya nguoni, na mara moja alimrushia ndoo, ikamkosa kidogo. Troilo aliiokota, akaijaza maji, akaenda kumnywesha farasi.

Kwa Ginestra ndiko walikoanza kuzungumza kama watu. Farasi yule alichukia mjeledi. Akiuona tu, hupunguza mwendo kwa makusudi, kama mke aliyetukanwa anavyopika polepole; Nuto mwenyewe siku ya mbio aliuchomeka kiunoni kwa desturi tu, farasi asiuone. Troilo hakujua kupanda bila mjeledi, na wiki za mwanzo Ginestra alimwangusha kila alipotaka. Nuto alikaa juu ya ukuta akila zeituni na kumhesabia makosa. Alimfundisha kulala juu ya shingo, kusubiri, kunong'ona. Alimwambia kwamba huyu hapelekwi, huombwa. Siku Troilo alipoomba vizuri kwa mara ya kwanza, Ginestra aliruka ng'ambo ya mto kama ndege, na Nuto alijisahau akapiga vigelegele kama bibi harusi amefika, kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akatema kokwa.

Bwana Gherardo alipita Ngozini mara kadhaa mwaka huo, juu ya farasi, kwenda kukagua daraja. Hakusimama. Lakini Mama Lapa alimwambia Troilo kwamba daraja lile halina ubovu wowote wa kukaguliwa mara zote hizo.

Sikukuu ikarudi. Ridolfo alikuwa ameajiri mpanda farasi kutoka mbali, mtu aliyeitwa Cencio, mashuhuri kwa kushinda na kwa ukatili, ili Falcone aifute aibu ya nyumba. Troilo alipofika kwenye kamba na shati la rangi ya udongo la Ngozini, vijana wa mitaa ya juu waliokuwa rafiki zake walimwuliza kama ameoga. Akawajibu kwamba ameoga, ila ameacha kidogo makusudi, awafukuze walio nyuma yake. Ngozini ikalipuka kwa kicheko. Mikono yake ilikuwa mitupu. Hakubeba mjeledi.

Tarumbeta, kamba, na ngurumo. Falcone akatangulia darajani. Troilo alimjua dume yule kama anavyojua nafsi yake, alijua anavyopenda kuongoza na anavyochoka akiongoza mno, akamwacha aende. Kwenye soko la samaki Ginestra alikuwa wa nne, kisha wa tatu, kisha wa pili. Waliingia Kichochoro cha Kisima Cencio akiwa mbele kidogo, na alipomwona Troilo anakuja pembeni alimvuta Falcone kwa ghafla, akambana ukutani. Goti la Troilo lilichubuka kwenye jiwe. Mjeledi wa Cencio ukapita karibu na jicho lake. Mkono wa Troilo ukapanda, kwa mazoea ya mkono, na vidole vikajikunja bila kupata kitu.

Akaushusha. Alifanya kitu ambacho hakuna Malaspada aliyewahi kukifanya katika mbio: alirudi nyuma. Alimpa Cencio njia yote. Ginestra alipoteza mwendo, na walipotokeza kichochoroni wakiwa nyuma, watu waliokuwa juu ya mapaa ya uwanja wakaomboleza, na Nuto, kwenye ngazi za kanisa, akajifunika uso kwa mkono wake mmoja mzima.

Lakini baada ya kichochoro kuna mpando, mrefu, hadi uwanjani. Falcone aliuanza akiwa amechapwa sana na amechoka. Troilo alilala juu ya shingo ya Ginestra, akaweka mdomo sikioni mwake, akaomba. Farasi yule akajibu. Alikula ardhi kama mwenye njaa. Walipoingia uwanjani mdomo wake ulikuwa kwenye mkia wa Falcone, mbele ya chemchemi ulikuwa kwenye ubavu, na watu walikuwa hawapigi kelele tena, walikuwa wanavuta pumzi moja tu, mji mzima. Cencio alipiga, akapiga. Ginestra akanyoosha shingo. Alipita kamba ya mwisho kwa urefu wa kichwa.

Montefosco haijawahi kupiga kelele namna ile. Mnadi akapiga mbiu: Ginestra wa Ngozini. Jina la Troilo halikutajwa, kwa kuwa bendera ni ya mtaa. Nuto alishuka ngazi mbili mbili, akamkumbatia farasi kwanza, kisha akasimama mbele ya Troilo aliyekuwa anatokwa na jasho na machozi. Akamwambia kwamba amechelewa sana kuomba pale kwenye mpando. Kisha akamkumbatia naye.

Bwana Gherardo aliteremka jukwaani na bendera mkononi, akampa mzee Bindo kama sheria itakavyo. Halafu akasimama mbele ya mwanawe. Ilikuwa mara ya kwanza kusemezana tangu siku ile ya gogo.

"Leo utakula wapi?" aliuliza.

"Ngozini, Baba. Mama Lapa amepika matumbo."

Bwana Gherardo aliangalia juu, kwenye roshani ya nyumba yake ambako Ridolfo alikuwa ameandaa karamu ya ushindi usiokuja. Akaangalia bondeni.

"Yanatosha mtu mwingine?"

"Yatatosha, Bwana," Bindo akasema, "ila utaketi juu ya pipa."

Aliketi juu ya pipa. Alikula matumbo mpaka akafuta bakuli kwa mkate, na upepo wa Ngozini haukumfanya akunje pua. Watu walipoanza kuimba, alimwinamia Bindo, akamwambia kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba siku ile, alipouona mgongo ule msafi, aliisikia nyumba yake ikibomoka, jiwe kwa jiwe, tangu babu wa babu yake. Na kwamba magoti ya mwanawe yalipokunjika, ndipo alipojua kuwa nyumba bado imesimama.

Bindo alimmiminia mvinyo, akamwambia kwamba Ngozini nao waliliona hilo, kabla hata yeye hajaliona. Ridolfo anadai mpaka leo kwamba ilikuwa dawa ya mganga, na hakuna anayemsikiliza. Aibu humfikia kila mtu, mwenye hariri na mwenye aproni, na anayebishana nayo huzidi kuwa uchi. Bali muungwana, akivuliwa nguo, huchutama.